Kutafuta kitovu cha ulimwengu kwa fotokopi na rula

Mwambie mtu kwamba galaksi karibu zote zinakimbia kutoka kwetu, na kwamba kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia zaidi. Atauliza papo hapo: basi sisi ndio tuko katikati? Ukikataa, atauliza: kama si sisi, katikati ni wapi? Wanaastronomia hujibu kwamba hakuna katikati, na jibu hilo likitolewa hivi hivi linasikika kama la mtu anayekwepa swali. Afadhali mtu alione kwa macho yake. Zoezi lifuatalo linafanyika mezani kwa muda wa saa moja hivi, na likiisha utaweza kulilinganisha na vipimo halisi vya galaksi.

Kinachotafutwa kielewe vizuri tangu mwanzo. Hatutafuti kitovu kilichofichika. Tunauliza kama mtanuko wenyewe unaacha alama yoyote inayotofautisha sehemu moja na nyingine.

Vifaa

Karatasi nyeupe tatu za A4, plastiki angavu moja ya ukubwa huohuo, kalamu nyekundu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, rula ya sentimita 30, kipimapembe, bikari, na mashine ya fotokopi yenye uwezo wa kukuza kwa asilimia. Mashine ikikosekana, rula na kikokotoo vinatosha, kama utakavyoona hapo chini.

Usiingize plastiki ya kawaida ndani ya mashine. Rola la mashine huwa na joto kali, na plastiki isiyotengenezwa kwa kazi hiyo huyeyuka ikagandia humo. Toa nakala kwenye karatasi, kisha laza plastiki juu yake na ufuatishe nukta kwa kalamu nyekundu.

Kutawanya nukta

Chora kwa penseli fremu ya sentimita 18 kwa 25 kwenye karatasi ya kwanza. Usivuke fremu hiyo: A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na ukikuza kwa asilimia 110 chochote kilicho nje ya sentimita 19 kwa 27 hukatwa ukingoni.

Ndani ya fremu weka nukta kama 50 nyeusi, kila moja ya upana wa milimita 2, zikiwa zimetawanyika ovyo. Mkono wa binadamu haujui kutawanya ovyo. Bila kukusudia utapanga safu. Mwaga shanga ndogo juu ya karatasi na uweke nukta pale zilipotulia, ukiziacha zile zilizokaribiana chini ya sentimita 1.5. Nukta zikiwa kwenye safu zilizonyooka zoezi linaharibika vibaya, kwa sababu nukta nyekundu ya safu moja inaweza kuangukia nyeusi ya safu jirani nawe usijue.

Chagua nukta tatu uzipe herufi: A iwe karibu na katikati ya karatasi lakini isiwe katikati kabisa, B iwe nusu ya njia kuelekea ukingoni, C iwe karibu na pembe. Mwisho, piga mistari miwili mirefu iliyo sambamba kwenye kingo za kushoto na kulia. Mistari hii inaonekana kama pambo tu, lakini bila hiyo huwezi kulaza plastiki bila kuipinda.

Kukuza

Weka mashine kwenye asilimia 110 utoe nakala. Kabla ya kuifuatisha kwenye plastiki, ipime: chagua umbali wa sentimita 10 kwa urefu na mwingine wa sentimita 10 kwa upana kwenye karatasi ya asili. Kwenye nakala vyote viwili viwe sentimita 11.0. Mashine nyingi hazikuzi sawasawa pande zote mbili. Kosa la asilimia 1 tu ni milimita 1 katika sentimita 10, na kwa kuwa mhamo wote unaoutafuta hapo ni sentimita 1, umeshakosea sehemu ya kumi ya jibu.

Kwa nini 110 na si 150? Kwa sababu lazima jicho liweze kuoanisha kila nukta nyekundu na nyeusi yake. Nukta 50 katika fremu hii huachana kwa wastani wa sentimita 3. Kwa 110, nukta iliyo sentimita 15 kutoka unapotazamia inahama sentimita 1.5, yaani nusu ya nafasi hiyo, na jicho bado linamudu. Kwa 150 nukta iliyo sentimita 6 tu imeshahama sentimita 3 na kukaa juu ya jirani. Kwa 103 nako kila kitu kimebanana, huoni lolote karibu.

Asilimia 10 ina maana yake pia. Kwa kasi ya mtanuko wa sasa, umbali kati ya galaksi za mbali unaongezeka kwa kiasi hicho katika muda wa miaka bilioni 1.3 hadi 1.4. Karatasi nyeusi ni leo. Plastiki nyekundu ni huko mbele.

Kulaza

Laza plastiki juu ya karatasi ya asili. Isogeze hadi A nyekundu ikae sawasawa juu ya A nyeusi, huku mistari ya pembeni ikibaki sambamba. Inua kichwa kidogo utazame yote kwa pamoja. Karibu na A nukta nyekundu na nyeusi zinagusana. Ukienda nje kidogo zimeachana milimita mbili, tatu. Pembezoni zimeachana sentimita nzima na zaidi, na kila nyekundu iko upande wa nje wa nyeusi yake, kana kwamba A imezipuliza. Ni wazi kabisa kwamba A ndiyo kitovu.

Sasa isogeze plastiki, bila kuizungusha, hadi C nyekundu ikae juu ya C nyeusi. Kitovu kimehama. Nukta zote, pamoja na A, sasa zinaikimbia C.

Rudia kwa B, kisha kwa nukta yoyote isiyo na herufi. Kila mara jibu ni lile lile.

Hapa watu wengi huridhika na kukunja karatasi zao. Subiri kidogo, maana macho ni rahisi kudanganywa na bado hujapima. Plastiki ikiwa juu ya A, chagua nukta sita za umbali tofauti. Kwa kila moja pima umbali wa nyeusi kutoka A, kisha mhamo kutoka nyeusi hadi nyekundu. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Utapata 0.1 kila mara, ikipungua au kuzidi kidogo kwa makosa ya rula. Fanya vivyo hivyo kutoka C. Ni 0.1 tena. Uwiano huo ndio kinachoitwa kanuni ya Hubble-Lemaître: kasi inaongezeka sawia na umbali, na namba inayoziunganisha, iitwayo H, ni ileile kwa mtazamaji yeyote.

Asiye na mashine atumie kikokotoo. Chukua pembe ya chini kushoto ya karatasi kuwa sifuri, andika nafasi za nukta kwa sentimita, kisha zidisha kila namba kwa 1.1:

A (6.0, 9.0) inakuwa (6.6, 9.9)
B (12.0, 4.0) inakuwa (13.2, 4.4)
C (3.0, 20.0) inakuwa (3.3, 22.0)
D (15.0, 17.0) inakuwa (16.5, 18.7)

Kutoka A, umbali wa B umepanda toka 7.81 hadi 8.59, wa C toka 11.40 hadi 12.54, wa D toka 12.04 hadi 13.25. Kutoka C, umbali wa A ni uleule 11.40 uliokuwa 12.54, wa B toka 18.36 hadi 20.19, wa D toka 12.37 hadi 13.61. Yote ni nyongeza ya asilimia 10. Na angalia jambo hili: ulipozidisha kwa 1.1 ulikuwa na kitovu, ile pembe ya karatasi. Mashine nayo inacho, pembe ya kioo inayoanzia kukuza. Lakini ukimkabidhi mtu mwingine karatasi na plastiki hawezi kuitambua pembe hiyo hata apime mwezi mzima. Kukuza kwa uwiano kunafuta alama ya mahali kulikoanzia. Usipoamini, geuza karatasi ya asili juu ya kioo iguse pembe nyingine, toa nakala ya pili, na uilinganishe na ya kwanza: utaweza kuzilaza moja juu ya nyingine bila tofauti yoyote.

Yanayoharibika

Nukta zinaonekana kuzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo: plastiki imepinda. Nyuzi 1 tu ya kupinda inasogeza nukta ya sentimita 10 kando kwa karibu milimita 1.7, na kwa jicho hiyo ni mengi. Rudi kwenye mistari ya pembeni.

Mhamo mkubwa kwa upande mmoja kuliko mwingine ni dalili kwamba nukta uliyoichagua haijakaa sawasawa juu ya mwenzake. Na mhamo ukiwa mkubwa kwa urefu kuliko kwa upana, mashine ndiyo yenye kosa. Hesabu kwa mkono itakusaidia.

Kosa baya zaidi halitokani na vifaa. Ni kuanza kusema kwamba kitovu cha kweli ni katikati ya karatasi, kwa sababu karatasi ina kingo. Karatasi ni dirisha tu la kutazamia. Ndiyo maana A haikuwekwa katikati kabisa: ikae mahali pasipo na heshima yoyote, na bado ionekane kitovu.

Jaribu kanuni ambayo ingefichua kitovu

Hatua hii huachwa mara nyingi, nayo ndiyo inayolipa jaribio uzito. Kama kila kanuni ya mtanuko ingetoa jibu hilohilo, tusingekuwa tumejifunza kitu. Basi vuruga kanuni kwa makusudi.

Piga mstari na uweke nukta kwenye sentimita -1, 0, 1, 2, 3 na 4. Badala ya mhamo sawia na umbali, tumia mhamo sawia na mraba wa umbali, mara 0.1. Nukta ya 0 haihami, ya 1 inahama 0.1, ya 2 inahama 0.4, ya 3 inahama 0.9, ya 4 inahama 1.6, na ya -1 inahama 0.1 kwenda kushoto. Ukikaa kwenye 0, majirani zako wawili wanakukimbia sawa, 0.1 kila upande. Sasa hamia nukta ya 2. Jirani wa kulia anakukimbia kwa 0.9 toa 0.4, yaani 0.5. Wa kushoto anakukimbia kwa 0.4 toa 0.1, yaani 0.3. Pande mbili hazilingani, na upande wenye mwendo mdogo unakuelekeza kitovu kilipo.

Jaribu pia kasi moja kwa wote: kila nukta ya kulia inahama 0.5 kwenda kulia, ya kushoto 0.5 kwenda kushoto. Mkazi wa nukta ya 3 atawaona majirani wa 2 na 4 wametulia kabisa, huku yule wa -1 akimkimbia kwa 1.0. Naye ameshajua.

Kwa hiyo kanuni ya uwiano ni ya pekee. Kama mtanuko unafanana kila upande, hiyo tu ndiyo inayompa kila mtazamaji picha ileile. Sababu yake ni kutoa kwa kawaida: kasi ya B kwetu ni H mara umbali wa B, kasi ya A kwetu ni H mara umbali wa A, toa moja kwa nyingine, na kasi ya B kwa mtu wa A ni H mara umbali kati yao. H haikubadilika.

Kupeleka rula angani

Sasa galaksi zenyewe. Chukua makundi mawili makubwa ya galaksi yanayojulikana sana, la Koma na la Perseus. Mstari mwekundu wa hidrojeni katika mwanga wao, ambao maabara huupima kwenye nanomita 656.3, kwa Koma unaonekana karibu na nanomita 671.4, kwa kuwa mawimbi ya mwanga wa kinachotukimbia hurefuka. Toa, gawanya kwa 656.3, unapata 0.023. Zidisha kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde: 6,900. Kwa Perseus uwiano huo ni kama 0.018, sawa na 5,400. Njia hii ya kuzidisha moja kwa moja inafaa kwa uwiano mdogo tu, ukikaribia 0.1 inaanza kupotosha.

Ukitumia H ya kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26), Koma inakuwa kwenye megaparseki 99 na Perseus kwenye 77. Simama hapo. Umeupata umbali kwa kutumia kanuni ileile unayotaka kuipima, na hapo unajizungusha tu. Umbali lazima upimwe kwa njia nyingine: nyota za Sefeidi, ambazo Henrietta Leavitt mwaka 1912 alionyesha kwamba mwanga wake unafuata muda wa mapigo yake, au supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka kwa mwangaza unaojulikana. Vipimo huru vya namna hiyo huiweka Koma karibu na megaparseki 100, na Perseus kati ya 70 na 80. Ukisharidhika na hilo, endelea na 99 na 77 kwa urahisi wa hesabu.

Tukitazama kutoka Duniani, pembe kati ya makundi hayo mawili ni takriban nyuzi 103. Chora pembetatu: kutoka nukta ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, piga mstari wa sentimita 9.9 kuelekea Koma, kisha kwa nyuzi 103 mwingine wa sentimita 7.7 kuelekea Perseus. Kila sentimita ni megaparseki 10. Pima upande wa tatu: sentimita 13.8, yaani megaparseki 138 kati ya Koma na Perseus.

Chukua karatasi nyingine uchore pembetatu ya kasi. Pembe ni ileile, kila sentimita iwe kilomita 700 kwa sekunde. Upande wa Koma ni sentimita 9.9, wa Perseus 7.7. Upande wa tatu ni tofauti ya kasi zao, yaani kasi ambayo mtu wa Koma angeiona Perseus ikimkimbia: sentimita 13.8, au kama kilomita 9,670 kwa sekunde. Zilaze pembetatu mbili moja juu ya nyingine zielekeze kwenye taa. Zinafunikana. Gawanya 9,670 kwa 138 unapata 70. Mtu wa Koma anapata H yetu, na yeye kwenye picha yake ndiye aliyesimama penye kitovu huku sisi tukimkimbia kwa 6,900.

Tunakiri kwamba pembetatu ya pili ina dhana ndani yake: spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, inapima mwendo wa kutukaribia au kutukimbia tu, si wa kwenda kando. Kwa makundi ya mbali hivi mwendo wa kando ni mdogo ukilinganisha na mtanuko, kwa hiyo dhana haiharibu.

Kwa galaksi za karibu, hata hivyo, zoezi hili linakwama. Kila galaksi ina mwendo wake binafsi wa mamia ya kilomita kwa sekunde, unaotokana na mvutano wa majirani. Kwenye megaparseki 10 mtanuko ni 700 tu, hivyo mwendo binafsi wa 300 ni karibu nusu yake. Kwenye megaparseki 100 ni asilimia 4. Andromeda, galaksi jirani yetu, ndiyo mfano mkali: Vesto Slipher alipopima spektra yake mwaka 1912 huko Flagstaff, Arizona, aliikuta inatukaribia kwa kama kilomita 300 kwa sekunde. Haivunji kanuni yoyote. Iko miaka ya nuru milioni 2.5 tu, na mvutano umeushinda mtanuko. Ukitaka kufanya jedwali lako mwenyewe, acha chochote kilicho chini ya megaparseki 40. Edwin Hubble mwaka 1929 hakuwa na bahati hiyo; galaksi zake 24 zilifika megaparseki 2 kwa vipimo vyake, na H aliyoipata ilikuwa karibu 500. Georges Lemaître alikuwa ametoa kanuni hiyo mwaka 1927 kwa nadharia na takwimu pamoja. Namba zao zilikuwa kubwa mno kwa sababu umbali ulipimwa vibaya, lakini umbo la kanuni lilikuwa sahihi. Leo bado kuna ubishi, kati ya 67.4 inayotokana na setilaiti ya Planck na 73 hivi inayotokana na Sefeidi na supanova. Ubishi huo haugusi suala la kitovu: namba yoyote kati ya hizo ikishika, uwiano unabaki uwiano.

Je, labda tuko kitovuni kwa bahati?

Msomaji makini atasema: karatasi imeonyesha kwamba picha tunayoiona ingeonekana hivyo popote, lakini haijakataza kwamba sisi tuko katikati ya wingu la galaksi lenye ukingo, na nje yake utupu. Ni kweli, haijakataza. Hapo mtanuko peke yake hautoshi, unahitaji ushahidi mwingine.

Wingu la namna hiyo lingekuwa na ukingo, na galaksi zingepungua kuelekea huko. Ramani kubwa za galaksi zinaonyesha makundi, nyuzi na mapengo, lakini ukihesabu ndani ya visanduku vya mamia ya megaparseki, visanduku vinafanana. Halafu kuna mnururisho wa usuli, mawimbi ya mikrowevu yanayotoka pande zote za anga, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliyatangaza mwaka 1965 kutoka Holmdel, New Jersey. Joto lake ni kelvini 2.725, na mabaka yake yanatofautiana kwa sehemu moja tu katika 100,000. Kuona usawa wa kiasi hicho kila upande tukiwa ndani ya wingu lenye ukingo kungetaka tuwe karibu kabisa na kitovu chake, bahati ambayo hakuna sababu ya kuidai.

Kuna tofauti moja kubwa kuliko mabaka hayo, nayo huwapotosha wengi. Upande mmoja wa anga, kuelekea kundinyota la Simba, mnururisho una joto zaidi kwa kelvini 0.00336, na upande wa pili umepoa kwa kiasi hicho. Wengine hudhani hiyo ndiyo alama ya kitovu. Fanya hesabu: 0.00336 gawanya kwa 2.725, zidisha kwa 300,000. Jibu ni kilomita 370 kwa sekunde. Huo ni mwendo wetu binafsi, wa Jua ndani ya Njia Nyeupe pamoja na wa Njia Nyeupe yenyewe, wa kiwango kilekile cha galaksi nyingine. Unatuambia tunakwenda wapi ukilinganisha na mnururisho wa mahali hapa, basi.

Puto, kama ni lazima

Puto ni mfano maarufu, lakini tunauweka nyuma ya plastiki kwa sababu kila anayeuona hutazama ndani ya puto na kusema, si kile pale kitovu? Ulimwengu katika mfano huu ni ngozi ya puto peke yake. Ndani na nje havimo. Ukiutumia, pulizia hadi mzingo ufike sentimita 40, bandika vijikaratasi vidogo kwa gundi katikati yake tu ili visichanike, kisha pulizia hadi sentimita 60. Vilivyoachana sentimita 6 vitakuwa sentimita 9. Pima kwa uzi uliolazwa juu ya ngozi, usipime kwa rula inayokatisha hewani. Kaa mbali na mdomo wa puto, mpira huko ni mzito na hautanuki sawasawa. Usichore nukta kwa wino: nukta ya milimita 4 itavimba ikawa 6, na galaksi hazivimbi. Galaksi, Mfumo wa Jua na rula yako vimeshikwa pamoja na nguvu zao vyenyewe. Vingetanuka pamoja na nafasi, hakuna ambaye angegundua lolote.

Mlipuko Mkuu ulitokea wapi

Pindua zoezi. Plastiki iwe leo, karatasi iwe jana. Kurudi nyuma ni kupunguza hadi asilimia 91. Chagua nukta mbili zozote, gawanya umbali wao kwa kasi yao ya kuachana. Jibu halitegemei nukta ulizochagua. Kwa H ya 70, ni kama miaka bilioni 14, kwa Koma na sisi, kwa Koma na Perseus, kwa wote. Hesabu makini zaidi, inayozingatia kwamba kasi imebadilika njiani, inatoa bilioni 13.8. Kila sehemu ya karatasi imo katika ule msongamano wa mwanzo unaoitwa Mlipuko Mkuu, kwa hiyo swali la wapi linajibiwa: hapa, na kule, na kila mahali. Iwe karatasi ina mwisho au haina, hesabu ni ileile.

Bado kuna kitovu kimoja halali, na ni vizuri kukichora ili kisichanganywe na hicho tunachokikataa. Weka sindano ya bikari kwenye A, piga duara la sentimita 6. Huo ndio ulimwengu unaoonekana wa A, ulioishia pale ambapo nuru imepata muda wa kufika. Kwetu sisi nusu kipenyo chake kwa sasa ni takriban miaka ya nuru bilioni 46. Hamisha sindano hadi C upige duara jingine la ukubwa huohuo. Yakatane au yasikatane, kila duara lina nukta ambazo lingine halina, na katikati ya kila moja ni pale tu ulipochoma sindano.